Mkeka Uliosogezwa

Siku ya sita Bi Mwanahija alikataa tena chai.

Kikombe kilikuwa palepale kilipowekwa asubuhi, sakafuni mbele ya nondo za mahabusu ya wanawake, na sisimizi walishakifikia. Mkaguzi Msaidizi Klementi Ng'itu alikisogeza pembeni, akavuta benchi, akakaa. Kwapani alikuwa na jalada, na jalada lenyewe lilikuwa jembamba la kutia aibu: maelezo ya mlalamikaji, maelezo ya mama wa marehemu, karatasi moja ya maabara ya serikali, na maelezo ya mtuhumiwa yenye mistari minne. Kesho saa nne lilitakiwa liwe Lindi, mezani kwa mwanasheria wa serikali. Juu yake lilikuwa limeshaandikwa MAUAJI kwa kalamu nyekundu, na kosa hilo halina dhamana.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?”

“Salama. Chai hujaigusa.”

“Nimefunga.”

“Jana ulisema umefunga. Na juzi.”

“Nina siku nyingi za kulipa,” alisema bibi, akaiweka sawa kanga yake mabegani.

Alikuwa na miaka sitini na nane, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vimekolea rangi ya manjano aliyosaga maisha yake yote. Kwa miaka arobaini alikuwa somo wa wasichana wa Kiswere. Binti akivunja ungo, yeye ndiye wa kumweka ndani, kumfunda, kumsinga mwili kwa liwa, ule unga wa mti wa manukato, na siku ikifika kumtoa nje mbele ya watu. Nusu ya wanawake wa kijiji kile walipita mikononi mwake. Sasa wanawake haohao walikuwa wanamwita mchawi. Watu wana usahaulifu wa ajabu.

Klementi alifungua jalada ingawa alikuwa amelikariri. Salima Hussen, miaka kumi na mitatu, alitolewa nje siku ya Alhamisi. Ngoma ikapigwa, watu wakala pilau. Jumamosi jioni Bi Mwanahija akaenda kumsinga liwa kwa mara ya mwisho, kama desturi ilivyo. Jumapili asubuhi mtoto akaamka na malengelenge, uso umevimba hata macho hayafunguki. Wakampaka hiki, wakampaka kile, wakaita na waganga. Siku ya tisa homa ikampanda, wakambeba kwa kitanda wakitafuta gari, akafia njiani kabla ya kufika barabara kuu. Akazikwa siku hiyohiyo. Kesho yake baba yake mdogo, Rehani, akaja kituoni akasema liwa ile ilitiwa sumu.

“Maabara hawakuona sumu kwenye liwa uliyotukabidhi,” alisema Klementi.

“Haikuwa na sumu.”

“Rehani anasema hiyo siyo uliyompaka mtoto.”

“Rehani ana msiba. Mwache aseme.”

“Akisema yeye peke yake, na wewe umenyamaza, mwisho wake unaujua?”

“Naujua.”

Hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote sita. Ukimgonga hapa, anakujibu kwa adabu, unarudi mikono mitupu. Klementi aliamua kuingilia mlango mwingine.

“Siku hizi mwali hukaa ndani wiki mbili tu, likizo ya shule ikiisha anatolewa. Salima ulimweka miezi mitano. Mama yake alikuja mara tatu kukuomba amtoe, ukakataa. Ulikuwa unamfanya nini mtoto wa watu miezi mitano gizani?”

Bibi aliitazama mikono yake. “Ya ndani hayasemwi nje.”

“Hata ukinyongwa?”

“Mwanangu, wewe mtu wa Kipatimu, tena Mkristo. Lakini nanyi kwenu milimani mna ya jandoni. Umewahi kumwambia mkeo?”

Klementi aliinamia jalada. Hakuwahi kumwambia, na bibi alilijua hilo. Alifunga jalada, akasimama. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa.

“Yule mdogo wake Salima, Binti. Mchana huwa anacheza wapi?”

“Sijui. Uani, nadhani. Kwa nini?”

“Mwambie mama yake, Hafsa, asimwache uani. Mchana akae naye ndani.”

“Kwa sababu gani?”

“Mwambie tu. Usiseme umetumwa na mimi.”

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingizwe mle, macho ya bibi yalijaa machozi. Klementi aliiandika sentensi ile kwenye daftari lake, akaipigia mstari. Ama ni kitisho kwa mama, ama ni huruma kwa mtoto. Hakuona kingine cha tatu, na kwa uso ule hakuamini kuwa ni kitisho.

*

Gari lilimfikisha Kiswere saa tano. Kufukua kaburi kulitaka amri ya mahakama na wiki mbili za kusubiri, naye alikuwa na mchana mmoja. Aliyeuona mwili wa Salima wote, toka unywele hadi ukucha, alibaki mtu mmoja: Bi Kibibi, mwosha maiti. Alimkuta nyuma ya nyumba yake anatwanga kisamvu.

“Unachokitaka mimi sina,” alisema Bi Kibibi kabla mgeni hajafika karibu. “Anachokiona mwosha kwenye maiti anakizika na maiti. Hilo nitaulizwa na Mungu, sitaulizwa na polisi.”

“Sijaja kuuliza aibu ya marehemu.”

“Basi umekuja kunisalimia. Mbona sijaisikia hiyo salamu?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa hapo, kinu kisikumwagie.”

Klementi alikaa juu ya mbuzi ya nazi iliyoharibika, akatazama mchi unavyopanda na kushuka. Hakuwa na haraka, au angalau alijitahidi isionekane.

“Nifundishe kazi yako,” alisema. “Maiti mwenye vidonda anaoshwaje?”

“Maji ya vuguvugu, mkono mwepesi. Hata maiti haumizwi.”

“Na pale palipo pazima?”

“Pazima unasugua kama kawaida. Sabuni, kitambaa, maji.”

“Salima ulimwosha wewe. Sitaki neno lolote kuhusu yeye. Nionyeshe tu mkono wako ulikuwa mwepesi wapi. Nionyeshe kwenye mwili wako wewe.”

Mchi ulisimama. Bi Kibibi alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta alipofichiwa mtego. Kisha aliuegemeza mchi ukutani, akanawa, akachota maji kwa kopo.

Alipitisha kiganja kwenye paji la uso wake, mashavuni, puani, midomoni, bila kugusa hasa. Alipofika shingoni mkono ukabadilika. Akasugua kwa nguvu, utepe wa vidole viwili kuzunguka shingo yote. Chini ya utepe ule mkono ukawa mwepesi tena: mabegani, juu ya kifua, nyuma juu ya mgongo, mpaka pale mwanamke anapofungia kanga kwapani. Hapo aliishia. Kutoka hapo kushuka chini alisugua kwa nguvu, tumbo, kiuno, mapaja. Mikono aliipitia kwa wepesi upande wa nje, kwa ndani akasugua. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto akasugua utepe mwingine mwembamba. Mwisho miguu: juu ya wayo mwepesi, unyayo kwa nguvu.

Klementi alikuwa amechora mtu kwenye daftari na kumtia wino palipopita mkono mwepesi.

“Swali moja la kawaida, mama. Mwali anasingwa liwa wapi na wapi?”

“Mwili mzima. Kila mwanamke analijua hilo.”

“Tumboni? Mapajani?”

“Huko ndiko kwenyewe hasa.”

Halafu akautazama mkono wake mwenyewe, kwa sababu naye alikuwa ameshaona. Kama liwa ndiyo iliyomuunguza, ingemuunguza kote. Bi Kibibi aliketi chini taratibu, kopo bado mkononi.

“Yarabi,” alisema. “Mwanahija wa watu.”

*

Rehani alikuwa mnunuzi wa ufuta, na ghala lake lilinuka ufuta mpaka barabarani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, ndevu zimeota ovyo tangu msiba. Kaka yake Hussen, baba wa Salima, alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya ujenzi Mafia mara baada ya mazishi, kwa hiyo mambo yote ya msiba yalimwangukia yeye.

“Amekiri?” aliuliza.

“Bado. Nataka picha za Alhamisi.”

Rehani alitoa simu, akaifungua, akampa, kisha akageuza uso upande wa magunia. Klementi alielewa baada ya picha ya kwanza. Mtoto alikuwa mzuri. Ameketi kwenye mkeka, macho chini kama alivyofundwa, kanga mpya imefungwa kwapani, mabega wazi yanang'aa mafuta, shanga nyeupe nene shingoni, bangili pana mkono wa kushoto.

“Hakuwa hivyo,” Rehani alisema huku bado ametazama magunia. “Tangu mdogo uso una madoa meusi, midomo imepasuka, macho mekundu kutwa nzima. Shule aliacha darasa la nne, wenzake hawakutaka kukaa naye dawati moja. Yule mwanamke akamweka ndani, tukashangaa, mwezi kwa mwezi anapona. Mimi mwenyewe nilimsifu. Kumbe ananenepesha wa kuchinja.”

Klementi alirudi kwenye picha. Ya kwanza ilipigwa saa tatu na dakika kumi, mkeka uko chini ya banda la makuti. Ya nane, saa nne na nusu, mkeka uko katikati ya uwanja, pakavu, peupe. Na nyuma ya mwali amesimama Bi Mwanahija, ameshika mwavuli mweusi.

Baada ya hapo ilikuja video ya nusu dakika. Ngoma, vigelegele, kisha sauti ya mwanamume karibu kabisa na simu: “Toeni huo mwavuli, sura haionekani.” Hafsa, mama wa mtoto, anaingia anacheka, anaushika mwavuli. Bi Mwanahija hauachii. Anasema kitu, ngoma inakimeza. Halafu anauachia.

Klementi aliitazama mara tatu.

“Sauti hii ya nani?”

“Yangu.”

“Na mkeka nani aliutoa bandani?”

“Shemeji. Alisema miaka yote watu wamesengenya kwamba anaficha kituko, leo wamwone. Kwani kuna ubaya?”

“Alikaa hapo mpaka saa ngapi?”

“Mpaka alasiri imeadhiniwa.”

Klementi aliweka daftari juu ya gunia, kando ya simu. Utepe mweupe wa shingoni kwenye mchoro ulikuwa palepale zilipokuwa shanga. Wa mkononi ulikuwa bangili. Wino wote ulikuwa mahali kanga haikufika.

“Ni jua,” alisema.

“Jua?” Rehani aligeuka. “Afande, usinichezee. Kijiji kizima tulikuwa juani. Na mtu akiungua na jua anaungua siku hiyohiyo. Ijumaa Salima alikula ubwabwa na mimi, mzima. Jumamosi mchana mzima. Kasingwa jioni, kaamka kaungua. Hebu zihesabu hizo siku.”

Klementi alizihesabu, na akaona Rehani ana hoja. Alhamisi mpaka Jumapili ni siku tatu. Jua gani hilo linalosubiri siku tatu? Mchoro ulisema hivi, kalenda ikasema vingine, na mwanasheria wa Lindi angeshika kalenda.

“Kuna mtu mwingine aliyewahi kumgusa ngozi?”

“Daktari mmoja wa utafiti, kabla hajawekwa ndani. Alichukua mate na kinyama cha ngozi, kidogo kama punje ya ufuta. Alisema anachunguza vinasaba. Karatasi yake hii hapa.”

Kwenye karatasi kulikuwa na jina, Dk. Flora Mrope, na namba ya simu. Klementi alipiga palepale. Aliyepokea alikuwa mwanamke, na nyuma yake malori yanapiga honi.

“Niko Mingoyo, nakuja hukohuko Kiswere,” alisema baada ya Klementi kujitambulisha. “Nina majibu ya Salima.”

“Daktari, Salima amefariki.”

“Walimpeleka juani?” aliuliza.

*

Alifika saa tisa, na boksi dogo la kuhifadhia sampuli, macho yamemwiva. Walikaa kwenye benchi nyuma ya zahanati. Klementi alimwonyesha mchoro na video, akamweleza habari ya siku tatu.

“Kwa nini uliuliza jua kabla ya kuuliza chochote?”

“Kwa sababu seli zake niliziweka chini ya taa yenye mionzi kama ya jua, nikaona zinavyofanya.”

“Nieleze kama unavyomweleza askari.”

“Umewahi kukaa kwenye geti la kukagua malori?”

“Miaka miwili, njia ya Mingoyo.”

“Basi utanielewa upesi.” Aliliweka boksi chini. “Jua linaharibu vinasaba kwenye ngozi ya kila mtu, yangu na yako, kila siku. Ila seli kabla haijajigawa inasimamishwa kwanza na kukaguliwa, kama lori la magogo. Kamba zimelegea? Haliendi mpaka mzigo ufungwe upya. Kwetu sisi unafungwa, lori linapita, wala hatujui kama kulikuwa na hitilafu. Salima geti alikuwa nalo. Mlinzi yupo, anasimamisha. Aliyekosekana ni fundi wa kufunga mzigo.”

“Kwa hiyo malori yanajazana getini.”

“Yanajazana. Siku ya kwanza huoni kitu, ngozi ni nzuri kabisa. Seli haiwezi kutengenezeka, haiwezi kuendelea mbele, mwisho inajiua yenyewe. Zikifa nyingi kwa pamoja, ngozi inachubuka, na wadudu wa maradhi wanapata mlango. Ndiyo maana baadhi ya watu wenye tatizo hili hawaungui siku hiyohiyo. Huchukua siku mbili, hata tatu.”

Klementi aliacha kuandika. “Siku tatu.”

“Ndiyo.”

“Na ile miezi mitano ndani?”

“Huyo bibi alimpa kinga pekee iliyopo. Mimi nimesoma miaka kumi na moja ndipo nikaijua. Yeye aliiona kwa macho.” Hapo alianza kulia. “Majibu yametoka wiki hii, afande. Yangetoka mwezi uliopita, ningekuja mwezi uliopita.”

Klementi alimwacha alie. Alipotulia, Flora alipangusa uso, akauliza kama wazazi wa Salima ni ndugu.

“Mama yake na baba yake ni watoto wa dada na kaka.”

“Inawezekana kila mmoja ana upungufu huo upande mmoja tu wa vinasaba vyake, na haumdhuru. Mtoto anayepokea pande zote mbili ndiye anayeumwa. Kuna mdogo wake?”

Klementi aliikumbuka ile sentensi aliyoipigia mstari. Kumbe bibi alikuwa ameshamjibu tangu asubuhi, na yeye akaondoka na daftari lake kama mjinga.

“Yupo,” alisema, akasimama. “Ana miaka miwili.”

*

Binti alikuwa uani, ameketi mchangani na sufuria, anapika pilau la mchanga. Flora alichuchumaa, akamgeuza uso kwa kidole. Pembeni mwa pua kulikuwa na vidoadoa vyeusi, saba au vinane. Alimbeba, akaingia naye ndani.

Hafsa alikuwa kwenye jamvi, kichwa amekifunga kitambaa. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, lakini siku ile ungemdhania mkubwa zaidi.

“Mmekuja kuniambia amekiri?”

“Hapana, dada. Bi Mwanahija hakumuua Salima.”

“Nani basi?”

Angeweza kuishia hapo. Jalada lilikuwa limeshakamilika bila yeye. Angemwambia ni maradhi, kazi ya Mungu, akapanda gari lake akaondoka, na mama yule angebaki na nusu ya moyo wake. Lakini mtoto wa mikononi mwa Flora alitakiwa awekwe ndani mchana, mwaka huu na mwakani na miaka yote, na hakuna mama anayefanya hivyo kwa kuambiwa tu. Klementi alivuta kigoda.

“Alhamisi ile mkeka ulikuwa bandani. Nani aliusogeza?”

“Mimi.” Alijibu haraka, hajui anajibu nini. “Wewe hujui, afande. Miaka kumi na mitatu nabeba maneno. Nikifika kisimani wanawake wananyamaza. Siku ile mwanangu ana ngozi kama ya watoto wao. Nilitaka wamtazame mpaka wachoke.”

“Na mwavuli?”

“Somo alikuwa ameushika, nikamwambia...”

Klementi aliona jambo lile linavyomfikia. Flora aliketi karibu yake, akamweleza yaliyobaki polepole, habari ya jua na habari ya zile siku tatu, na Hafsa alisikiliza macho yako pembeni, pale ulipoegemezwa mkeka umekunjwa.

“Somo alijua?”

“Alijua jua linamdhuru,” alisema Klementi. “Sababu yake hakuijua.”

“Aliniambia. Hafsa, mtoe baada ya magharibi. Nikamwambia mwali anayetolewa gizani ni mwali wa aibu, na mimi aibu nimechoka nayo.” Alimgeukia Klementi. “Siku zote hizi yuko ndani, hakusema kama ni mimi?”

“Hakusema neno.”

Hafsa hakupiga kelele. Alijilaza palepale kwenye jamvi, akaweka shavu chini, akasema, “Mama yangu, mama yangu,” kwa sauti ndogo, mara nyingi. Klementi alisikitika, na hakujitahidi kuficha. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amewapelekea watu habari za kila namna. Hakuwahi kumtua mtu mmoja mzigo kwa kumtwika mwingine, tena mtu ambaye hakuvunja sheria yoyote.

Baada ya muda mama alinyoosha mikono, na Flora akampa mtoto.

“Huyu naye?”

“Nitampima. Lakini nadhani ndiyo.”

“Akae ndani mpaka lini?”

“Mchana, siku zote.”

Hafsa aliinuka na mtoto kiunoni. Alianua kanga kwenye kamba, akaitundika dirishani, akabana pembe zake kwa misumari iliyokuwa imeshikilia kalenda. Chumba kikaingia giza.

*

Saa moja asubuhi Klementi alirudi mahabusu. Jalada sasa lilikuwa nene: mchoro, video, maelezo mapya ya Rehani aliyoyatia saini, na kurasa nne za Dk. Flora. Mkuu wake alilisoma lote, akalikata kwa wino mwekundu neno MAUAJI lililokuwa juu, akaweka saini. Kikombe cha chai kilikuwa mahali pake.

“Bibi, toka. Umeachiwa.”

Bi Mwanahija hakuinuka.

“Umemwambia Hafsa?”

“Nimemwambia.”

Alifumba macho. “Siku saba nimekaa humu ili asiambiwe. Hafsa ni mwali wangu, mwanangu. Nilimweka ndani mimi, nikamtoa mimi, na Salima alizaliwa kwenye mikono hii. Nilisema mimi ni mzee, jambo hili naweza kwenda nalo. Yeye ana miaka mingi ya kuishi nalo.” Alifumbua macho, na hayakuwa na hasira. “Sasa umenitoa nikafanye nini?”

“Binti ana madoa.”

“Nayajua. Nilianza kuyaona mwezi wa Ramadhani. Ndiyo nikakwambia akae ndani.”

“Wangemweka wiki moja, bibi. Wangeona amepona, wangemtoa. Kama walivyomtoa dada yake.”

Bibi aliiweka sawa kanga yake. Nje lori lilipita.

“Hafsa yuko getini,” alisema Klementi. “Amekuja na gari la alfajiri. Anaogopa kuingia.”

“Amekuja na mtoto?”

“Anaye. Amemfunika kanga mbili.”

“Na jua limeshatoka?”

“Limetoka.”

Bi Mwanahija aliinama, akakiokota kikombe, akapuliza sisimizi, akainywa ile chai yote, baridi hivyohivyo, kama mtu anayekwenda kazini. Kisha alishika nondo, akajiinua.

“Kamwambie asitoke kivulini, nakuja mwenyewe,” alisema. “Nina mwali wa kuweka ndani, na huyu simtoi.”